Mbaazi za Makueni, pojo za Kitui: jinsi Ukambani hulima kwa mvua chache, na yatuhusuvyo sisi wa Pwani

Nazi ni yetu na mahamri ni yetu, lakini mbaazi za chai ya asubuhi mara nyingi zimetoka mbali. Sehemu kubwa ya mbaazi zinazolimwa Kenya hutoka Ukambani, katika kaunti za Makueni, Machakos na Kitui. Ndengu, ambazo Mombasa twaziita pojo, hulimwa kwa wingi Kitui. Maembe ya Makueni huteremshwa katika masoko yetu kuanzia Desemba. Hata mibuyu na mikwaju, ambayo twaidhania ni miti ya Pwani, imejaa Kibwezi na Mutomo.

Siku hizi watu wengi, wakiwemo madaktari, hutuhimiza kula vyakula vibichi vilivyolimwa karibu na wakulima wadogo. Ukambani waonyesha kwamba neno hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya shamba la nyumbani, yasiyopitia kiwandani wala kutiwa dawa. Kwa hivyo hapa twaeleza mambo mawili pamoja: ufundi wa kilimo kidogo ambao wenzetu wameujenga kwa karibu miaka mia, na kosa la kuhifadhi nafaka ambalo laweza kuuharibu wote.

Nchi yenyewe

Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi huingia Makueni afikapo Mtito Andei, kisha hupita Kibwezi, Makindu na Emali. Makao makuu ya kaunti ni Wote, ambako ni mbali kidogo na barabara kuu. Kitui iko mashariki, ng'ambo ya mto Athi, na ni kubwa zaidi: eneo lake ni takriban kilomita za mraba 30,000, ilhali Makueni ni kama 8,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni.

Vilima vya Mbooni na Kilungu upande wa Makueni, na vile vya Mutitu upande wa Kitui, hupata mvua ya kutosha. Nyanda za chini ni kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, lakini mpangilio wake si kama wetu. Pwani tegemeo letu ni masika, ya Aprili hadi Juni. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei huja ikikatika, na miaka mingine haifiki kabisa. Isitoshe, mvua ya msimu mzima yaweza kunyesha kwa siku chache tu, tena kwa nguvu, ikapita juu ya ardhi na kuuchukua udongo. Basi kazi ya mkulima wa huko huanza kabla ya kupanda: ni kuyazuia maji na udongo visimkimbie.

Kuushika udongo: fanya juu

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitaja nchi ya Wakamba kuwa mfano wa ardhi iliyoharibika, ikawalaumu wafugaji kwa kuwa na ng'ombe wengi. Mwaka 1938 ilianza kuwanyang'anya mifugo na kuiuza. Maelfu ya watu walikwenda kwa miguu hadi Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri hiyo, lakini Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Baadaye watu walilazimishwa kuchimba makinga maji, na kazi ya kulazimishwa haikudumu. Kilichodumu ni kile walichokichagua wenyewe katika miaka ya 1950, nacho kina jina la Kiswahili linalotumiwa leo na wataalamu wa udongo duniani: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mlima, wenye upana na kina cha kama futi mbili, na udongo wote huutupa upande wa juu. Rundo lile huwa tuta. Mvua ikinyesha, maji na udongo vinavyoteremka hukwama juu ya tuta. Baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi pana zilizo karibu kuwa tambarare. Juu ya tuta hupandwa majani ya ng'ombe, ambayo mizizi yake huushika udongo, na ndani ya mtaro wengine hupanda migomba au mipapai, kwa kuwa humo ndimo maji hukaa zaidi.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na mwethya, chama cha majirani, wengi wao wanawake, wanaokwenda shamba kwa shamba kwa zamu, kama ilivyo kazi za ujima kwetu. Matokeo yake yalifanyiwa utafiti na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliotoa kitabu chao mwaka 1994. Waliitazama wilaya ya Machakos tangu 1930 hadi 1990, wakati Makueni ingali ndani yake. Idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila ekari yalizidi. Hapo awali wengi waliamini kwamba watu wakizidi ardhi lazima ife.

Mahali penye mteremko mdogo hutumiwa mashimo ya zai, ufundi uliotoka Burkina Faso na nchi jirani zilizo kando ya Sahara. Shimo huchimbwa, hutiwa samadi iliyochanganywa na udongo wa juu, na mbegu kadhaa hupandwa humo pamoja. Maji ya eneo zima huingia shimoni. Msimu wa mvua chache, shamba la mashimo huweza kuzaa wakati shamba la jirani lililolimwa kwa plau limekauka.

Kuyaficha maji mchangani

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Lakini chini ya mchanga maji yamo, na wanyama na watu tangu zamani wameyafukua. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo.

Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija huleta mchanga, na ule mzito hukwama nyuma ya ukuta, huku tope jepesi likipita juu. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu hivi, nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na katikati ya chembe zake hukaa maji. Mchanga mzuri waweza kubeba maji kufikia theluthi moja ya ujazo wake au zaidi kidogo. Jua haliyafikii maji hayo, mbu hawazalii humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Watu hupata maji kwa kisima kifupi kando ya mto au kwa bomba lililopitishwa chini ya ukuta. Maji hupenya pia kwenye kingo, na hapo ndipo utakapoona vibustani vya sukumawiki, nyanya na vitunguu katikati ya kiangazi.

Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, kiliueneza ujenzi huu Machakos na Makueni. Kitui, shirika la SASOL limesaidia vijiji kujenga mamia ya mabwawa tangu miaka ya 1990. Mpango ni kwamba wanakijiji huleta mawe, mchanga na nguvu zao, na shirika huleta saruji, chuma na fundi.

Adui wa mabwawa haya ni malori. Mchanga huohuo unaoficha maji ndio unaotakiwa na wajenzi wa miji. Mto ukishachotwa mchanga, maji hukauka, na ugomvi juu yake umewahi kuua watu. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Kwa mkulima mdogo sheria hiyo ni muhimu kama mbegu.

Cha kupanda

Mahindi hupendwa Ukambani kama kwingineko Kenya, lakini ni mmea wenye kiu. Yakikosa mvua wiki mbili wakati wa kutoa maua, mkulima hana mavuno. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, kilicho Machakos, kilitoa mbegu zinazokomaa upesi, na jina la Katumani likawa jina la mahindi yenyewe. Kituo kingine kiko Kiboko, Makueni, kando ya barabara ya Mombasa.

Mazao yanayoifaa zaidi nchi hiyo ni mengine:

- Mbaazi. Mzizi wake huenda chini sana. Zile za kienyeji hupandwa mvua ya vuli, Oktoba au Novemba, katikati ya mistari ya mahindi. Mahindi yakishavunwa zenyewe huendelea kukua na huvunwa kavu Agosti au Septemba, miezi ambayo shambani hakuna kingine. Majani yanayopukutika na vinundu vya mizizi huirudishia ardhi rutuba.
- Ndengu, yaani pojo. Hukomaa kwa kama miezi miwili hadi mitatu. Ni chakula na ni pesa, na kaunti ya Kitui imezifanya zao lake kuu la biashara.
- Kunde. Majani yake huliwa wiki chache tu baada ya mvua, kabla ya zao jingine lolote kuwa tayari. Mbegu za K80 na M66 hupendwa kwa kuwa hutoa majani na punje pia.
- Mtama, mawele na wimbi. Hivi vilikuwa nafaka za babu zao, navyo hustahimili ukame kuliko mahindi. Vimepungua kwa sababu inayoeleweka: ndege. Kwelea wakishuka humaliza shamba kwa siku chache, na watoto waliokuwa wakiwafukuza sasa wako shuleni, panapostahili.

Mkulima mwenye busara hachagui kimoja. Huchanganya vyote, ili mvua ikikatika Novemba apate kunde na pojo, ikiendelea apate mahindi, na mbaazi zimngojee mwakani.

Mezani kwao

Chakula cha Wakamba hufanana na chetu kuliko tunavyodhani. Isyo ni mahindi na maharagwe au kunde yaliyochemshwa pamoja, ile ambayo sisi twaiita pure. Muthokoi ni mahindi yaliyorowanishwa kidogo, yakatwangwa kinuni hadi ganda likatoka, kisha yakapikwa na mbaazi, maharagwe au kunde. Mbaazi mbichi, zikiwa bado za kijani, hupikwa kwa vitunguu na nyanya. Majani ya kunde huliwa mabichi yakipatikana, na hukaushwa juani kwa ajili ya kiangazi. Tofauti kubwa na sisi ni nazi, ambayo hawana.

Kwa afya, mlo huo ni mzuri: nafaka na jamii ya kunde katika sahani moja hukamilishana, kila kimoja kikileta protini iliyopungua kwa mwenzake. Familia isiyomudu nyama kila wiki haikosi chakula cha kujenga mwili, mradi mahindi yale ni salama.

Yaliyotokea mwaka 2004

Msimu wa mwisho wa 2003 na mwanzo wa 2004 ulikuwa wa ukame, kisha mvua ikanyesha wakati usio wake, mavuno yakiwa shambani. Njaa ilikuwa kali. Wengi waliyavuna mahindi yakiwa na unyevu, na kwa kuogopa wezi wakayaweka ndani ya nyumba walimolala badala ya ghala linalopitisha hewa. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus ikamea na kutoa sumu ya aflatoksini.

Watu walianza kufika hospitalini macho yakiwa manjano, matumbo yamevimba, ini limeharibika. Hadi Julai 2004 wagonjwa 317 walikuwa wameandikishwa, na 125 kati yao walikufa. Ni kati ya misiba mikubwa kabisa ya sumu hiyo iliyowahi kuandikwa duniani. Haikuwa mara ya kwanza pia: mwaka 1981 sumu hiyohiyo iliua watu katika wilaya ya Machakos ya wakati huo.

Watafiti walipima mahindi ya maduka na masoko ya eneo hilo. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Tena waligundua kwamba mahindi yaliyolimwa palepale yalikuwa na sumu zaidi ya yaliyotoka nje, na kwamba waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba huoza, na hata kuua, ikiwekwa mbichi.

Mambo matatu kuhusu sumu hii yafaa kukaririwa. Kwanza, kupika hakuiondoi. Ugali ulioiva vizuri huweza kuwa nayo. Pili, haionekani wala haina harufu kila mara: punje zenye rangi ya kijani au nyeusi ni dalili, lakini punje safi kwa macho si dhamana. Tatu, kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kukausha na kuhifadhi

Kinga ya sumu hii ni rahisi kuliko tiba, na wakulima wengi wa Kitui na Makueni sasa waijua kwa moyo:

1. Kuvuna mara mahindi yakomaapo, bila kuyaacha shambani yakinyeshewa.
2. Kukausha juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu. Kuvu hukaa udongoni.
3. Kuhakikisha unyevu haupiti asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutumia chumvi: punje kiasi hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, hutikiswa, kisha huachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Isipoganda, yamekaribia, yaanikwe siku nyingine moja au mbili kwa usalama.
4. Kuchambua na kutupa punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu au zilizobadilika rangi. Zisipewe kuku wala ng'ombe. Sumu hurudi kwa mtu kupitia maziwa.
5. Kuweka katika mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, au katika ghala lililoinuliwa. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta.

Kuna pia dawa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii hiyohiyo lakini isiyo na sumu. Hurushwa shambani kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, nayo huizuia ile yenye sumu isipate nafasi. Na ufundi wa zamani wa muthokoi nao una faida, kwa kuwa kuondoa ganda hupunguza sumu, ingawa haiondoi yote.

Maembe na soko

Mwembe hustahimili ukame, nao umeibadilisha Makueni. Mengi ya maembe yanayopandwa huko ni aina ya apple na ngowe, ambazo ni za asili ya Pwani. Shida yake ni kwamba yote huiva pamoja, kati ya Desemba na Machi, bei huanguka, madalali hununua kwa wanavyotaka na mengine huozea chini ya mti. Kwa ajili hiyo kaunti ilijenga kiwanda Kalamba, kilichofunguliwa mwaka 2017, cha kusaga maembe na kuhifadhi rojo lake. Kiwanda hakinunui kila embe, lakini kimempa mkulima mnunuzi wa pili, na hilo pekee hubadilisha mazungumzo na dalali.

Yatuhusuvyo

Mto Athi, unaozigawa Makueni na Kitui, ndio huohuo unaoitwa Galana na kisha Sabaki, na humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Maji mekundu tunayoyaona Malindi wakati wa mvua yamebeba udongo wa mashamba ya bara. Wanasayansi waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa karne tatu walikuta ndani yake alama za udongo huo, zikiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kila tuta la fanya juu linaloshika udongo Mbooni humsaidia pia mvuvi wa Malindi.

Kwa upande wa jikoni, nunua kwa kufuata majira: pojo mpya karibu na Februari na tena katikati ya mwaka, mbaazi kavu Septemba, maembe ya Makueni Desemba hadi Machi. Unaponunua mahindi au unga wa kusagisha, muulize muuzaji yamekaushwa wapi na vipi, na chambua kabla ya kupeleka kinuni. Hewa ya Pwani ni nzito kuliko ya Ukambani. Nafaka iliyokauka vyema Wote huweza kurudia unyevu ndani ya wiki chache stoo ya Likoni au Mtwapa, ikiwa gunia limeachwa wazi juu ya sakafu ya saruji. Kwa hiyo nunua ya kutosha mwezi mmoja, funga vizuri, na iweke juu ya mbao. Mwenye shamba Kwale, Kilifi au Lamu azifuate kanuni tano zilizotajwa hapo juu kwa ukali zaidi ya wenzetu wa Kitui, kwa kuwa jua letu la kukaushia mara nyingi hukatizwa na mvua.